Vipindi Vinane vya Jirani

Jumatatu, 5 Februari

Leo nimepewa mtoto wa kulea, na umri wangu huu. Mkuu wa shule aliniita ofisini kabla ya kengele, akanipa kiti na chai, nikajua kuna jambo, maana chai ya mkuu wetu haitoki bure. Kumbe ofisi ya elimu imeanzisha mpango. Kila mwalimu mpya atapewa mwalimu mlezi. Mlezi ataachiwa vipindi vinane kwa wiki ili akae nyuma ya darasa la mgeni na kumtazama, kisha jioni wakae wazungumze. Vipindi vyangu hivyo vinane atafundisha mwalimu wa muda atakayeletwa na ofisi. Muhula ukiisha, afisa elimu atakuja, na kijana atathibitishwa kazini au ataambiwa asubiri kwa mshahara uleule wa majaribio.

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu, Mwalimu," mkuu akasema. "Tuachie mtu."

Mtu mwenyewe ni kijana wa hesabu, mrefu, shingo haina mwisho. Ana wiki moja tu hapa na darasa la sita wameshambatiza jina la Twiga. Nilimkuta chumba cha walimu amesimama, kwa kuwa kila kiti alichokigusa aliambiwa kina mwenyewe. Nikamkumbuka binti mmoja aliyesimama hivyohivyo katika chumba hikihiki, viatu vipya vikimbana, asijue pa kuweka mkoba wake. Binti huyo ni mimi. Aliyenionyesha pa kukaa alikuwa Mzee Redio.

Tulimwita Redio kwa sababu ya sauti. Akiwa darasa la kwanza anasoma imla, darasa la saba nao wanaandika. Yeye ndiye aliyenilea kazini, wala hakuna ofisi iliyomtuma. Siku zile watu walikuwa na moyo.

Alhamisi, 8 Februari

Mwalimu wa muda amefika. Mpole, ana koti la mvua, na mvua yenyewe hakuna.

Jumanne, 13 Februari

Nimekaa nyuma ya darasa la Twiga kwa mara ya kwanza. Kijana anajua hesabu, hilo halina ubishi. Ila anaufundisha ubao. Anauambia ubao kila kitu kwa upendo, anaufutia, anauandikia tena, na watoto arobaini na kitu wanakitazama kisogo chake kama watu wanaosubiri basi. Jioni tulikaa kwenye ukumbi wa mbele ya ofisi, kwenye benchi lilelile nilipokaa na Mzee Redio. Nikamwambia ubao umeelewa, sasa tuwaendee watoto. Akacheka, kisha akainama.

"Mama, usiku silali. Maji yamenifika shingoni."

"Kwa shingo hiyo, mwanangu, bado una nafasi kubwa."

Hapo akacheka kweli. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikakaa muda mrefu bila kuwasha taa nikizikumbuka jioni zangu za benchi lile. Mzee Redio akinywa chai yake kwa kelele, mimi nikingoja aseme. Hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya darasa. Alikuwa akiuliza, "Yule wa karibu na mlango, leo amesema nini?" Nikisema sijui, anasema, "Basi kesho ujue." Siku yangu yote ya pili ilikuwa inatoka kwenye swali hilo moja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena kazini.

Ijumaa, 23 Februari

Jambo moja nilisahau kuandika kuhusu Mzee Redio: alikuwa analala. Anaingia nyuma ya darasa langu, anakaa dirishani, na kabla sijamaliza kufuta ubao anakoroma. Watoto walikuwa wananong'ona, "Redio imezimwa." Nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Leo hata mkoromo ule ninautamani.

Jumatano, 28 Februari

Mvua ya kwanza. Paa la darasa la tano linavuja palepale.

Jumatatu, 5 Machi

Mwalimu wa muda ameingia mitini. Siyo kosa lake. Ofisi ya elimu ilisema shule ndiyo imlipe, shule ikasema ofisi, na yeye hajaona hata nauli. Aliniaga kwa adabu na koti lake la mvua, siku ambayo angalau limepata kazi.

Mkuu alituita walimu wote. Vipindi vyangu vinane vimebaki yatima, nani atavichukua? Kila mtu akapata kitu cha kutazama sakafuni. Nilikuwa tayari kusema mpango uishe, ndipo Jirani akainua mkono.

Jirani ni mwalimu wa jiografia kama mimi. Namwita hivyo kwa sababu tumekaa meza moja tangu nywele zetu sote wawili zikiwa nyeusi. Akasema, "Mimi nitavibeba. Ni muhula tu, dada, hautanivunja mgongo." Nikamkumbatia mbele za watu. Mkuu akasema shule hii ina watu, na kikao kikaisha kwa makofi.

Alhamisi, 8 Machi

Twiga amewauliza watoto swali na kungoja jibu. Amengoja! Nusura nipige kigelegele.

Alhamisi, 15 Machi

Leo nimejiona, na sikupenda nilichokiona.

Lilikuwa somo la sehemu. Twiga akauliza, msichana mmoja wa mbele akasimama, na kabla ya kufungua mdomo akageuka akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akajibu, akapata. Akasimama mvulana, naye akageuka. Jibu lake lilikuwa linaelekea kubaya, nikakunja uso. Akalibadilisha palepale. Hapo nikashtuka. Nikaanza kuwatazama vizuri, na kila anayesimama alikuwa anapitia kwangu kwanza. Mbaya zaidi, Twiga naye! Kabla hajasema "sawa" alikuwa anainua macho kuniangalia. Darasa zima lilikuwa linasoma usoni kwangu, na mimi mwezi mzima nimekaa pale nikitikisa kichwa na kukunja uso na kujisifu kwamba kijana anaendelea vizuri.

Nikatoka nikijidai naenda msalani, nikasimama nje ya dirisha. Haikuchukua muda darasa likawa soko. Twiga akarudi kwenye ubao wake na shingo yake ikawa fupi. Kipindi kilipoisha alinifuata mbio.

"Mama, mbona uliniacha?"

Aliuliza kama mtoto aliyepotezwa sokoni na mama yake. Nilikuwa nimempa kila kitu isipokuwa darasa lake. Tangu hapo nawaza: Mzee Redio, ulikuwa hunitazami. Ulikuwa umefumba macho. Watoto walikuwa hawana wa kumsoma isipokuwa mimi. Kumbe mzee wangu ulikuwa mjanja kiasi hicho, na mimi nilikuonea aibu!

Jumamosi, 17 Machi

Nimekwenda kumwona mjane wa Mzee Redio. Bado yuko kwenye nyumba ileile ya nyuma ya kanisa la zamani, banda la ng'ombe limebaki nguzo tu. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwa vidole, maana macho yake hayamsaidii sana siku hizi. Alinitambua kwa sauti. "Ni yule binti wa mkoba," akasema, na mimi na mvi zangu nikaitikia, "Ndiyo, mama, ni mimi."

Nikamweleza ugunduzi wangu wote. Jinsi ninavyoharibu darasa kwa uso wangu, na jinsi marehemu alivyokuwa anafumba macho makusudi na kujikoromesha ili watoto wanitazame mimi. Nilieleza vizuri, hata machozi yalinilenga. Mama akaweka ungo chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Makusudi gani, mwanangu? Mume wangu alikuwa amelala!"

"Amelala kweli?"

"Usingizi wa mawe. Sikiliza. Kabla hujaja wewe, kazi za ng'ombe tulizifanya jioni, mimi na yeye. Ulipokuja, jioni zake zikawa zako. Basi akawa anaamka kungali giza kukata majani, halafu ndiyo aende shule. Nyuma ya darasa lako ndipo mahali pekee alipopata kuegemea ukuta."

Nikauliza, "Na wewe, mama?"

"Mimi nilikamua, nikapeleka maziwa, nikabeba maji, na tumbo la mwanangu wa pili likiwa hapa." Akaonyesha kwa mkono. "Nilikuwa nakuona unapita na yeye jioni mkizungumza, nasema moyoni, huyu binti amenichukulia mume, na wala siwezi kumpigia kelele kwa kuwa hajamchukua kwa ubaya."

Nikamwambia kwamba siku zote nimekuwa nikiwahadithia vijana jinsi watu wa zamani walivyojitolea.

"Yeye alijitolea," akasema, na kurudisha ungo mapajani. "Mimi nilitolewa."

Akacheka tena, bila uchungu wowote, na akanilazimisha nibaki kwa chakula. Njiani nilirudi na mawazo mawili yasiyotaka kukaa pamoja. Nazitamani jioni zile hata sasa, nikipewa moja tu ningeichukua. Lakini tangu leo, nikilifikiria benchi lile, namwona na mwanamke mjamzito anapita na ndoo, na mimi simwamkii.

Jumatatu, 19 Machi

Nimekaa nyuma ya darasa nimewapa mgongo, uso dirishani. Nilijaribu hata kulala, usingizi ukagoma. Watoto wamegeuka wamekutana na kilemba changu. Twiga ametokwa na jasho, lakini amefika mwisho wa kipindi na darasa bado lipo.

Ijumaa, 23 Machi

Hawageuki tena. Yule msichana wa mbele amebishana na Twiga juu ya jibu, na Twiga amemwambia aje ubaoni aonyeshe. Nimeona yote kwenye kioo cha dirisha.

Jumanne, 27 Machi

Mvua. Jirani hakunisalimu vizuri leo. Nilimtania kwa kuja na miavuli miwili, hakucheka. Labda kachoka.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua, mvua, mvua.

Alhamisi, 5 Aprili

Mama yake Jirani ni mtu mzima sana na kumbukumbu zinamtoka. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba Jirani huenda nyumbani kila mchana kumlisha na kukaa naye mpaka asinzie, kwa sababu miaka yote nimekuwa nikimwona akitoka getini saa hiyo. Ambacho sikujiuliza ni nani amekuwa akienda tangu Jirani achukue vipindi vyangu. Vipindi vinne kati ya vinane viko mchana.

Hakuna aliyekuwa akienda. Jirani alikuwa anaacha chakula kimefunikwa, na mtoto wa nyumba ya pili anachungulia akikumbuka. Leo mama kaamka, hajamwona mwanawe, katoka kumtafuta. Mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi. Fundi baiskeli wa barabarani alimkuta kasimama kwenye matope, akamfahamu, akampakia nyuma ya baiskeli akamleta shuleni.

Nilikuwa nyuma ya darasa la Twiga. Niliposikia zogo nilitoka. Bibi alikuwa mlangoni mwa darasa langu, kalowa chapachapa, mguu mmoja una kiatu. Ndani Jirani alikuwa na chaki mkononi. Bibi akawatazama watoto, akawauliza kwa adabu kabisa:

"Wanangu, mmemwona binti yangu?"

Na binti yake alikuwa amesimama mbele yake.

Sitaki kuandika sura ya Jirani ilivyokuwa. Tulimpeleka mama nyumbani, tukambadilisha nguo, tukamfunika mablanketi. Aliposinzia, tulikaa jikoni. Nikamwambia nitaacha huu mpango kesho.

"Usinisaidie kwa kuniharibia," Jirani akasema. "Ukiacha, kijana hathibitishwi, na watu watasema ni mimi nimemkosesha."

"Basi nifanyeje?"

"Sijui, dada. Mkuu anakusifu wewe. Wazazi wanakusifu wewe. Kijana anakuita mama. Mimi nimetajwa na nani? Na wala sitaki sifa. Nataka mchana wangu."

Tumekaa meza moja miaka yote, na alilazimika kuniambia kwa mdomo.

Ijumaa, 6 Aprili

Mama hana homa. Nimeshukuru kwa sauti.

Ijumaa, 13 Aprili

Kikao kimefanyika leo darasa la saba, kwa kuwa ndilo lisilovuja. Alikuwapo afisa elimu, mkuu wetu, sisi walimu, na kamati ya wazazi na mwenyekiti wake, mwenye bucha. Ajenda moja: nani alipie malezi ya walimu wapya.

Mkuu akasema shule haina mfuko, labda wazazi wachangie. Mwenye bucha akaruka. "Mwalimu ni wa serikali, wamwajiri wao, tumfunze sisi? Mimi kijana akija buchani kujifunza kukata nyama, simpelekei bili mteja!" Mzazi mmoja akasema akatwe mshahara mwalimu mpya mwenyewe, kwani ujuzi si unabaki kichwani kwake? Mwingine akajibu kwamba kichwa hicho kinafundisha watoto wake yeye. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimtupia mwenzake kama kaa la moto. Twiga alikuwa kwenye dawati la pembeni, magoti yamegonga masikio.

Afisa akawaacha wachoke, kisha akatabasamu.

"Mnagombana bure. Shule hii imefanya kazi yote bila fedha. Nimemwona kijana darasani asubuhi, anafundisha vizuri. Mwalimu wetu huyu mkongwe ni mfano. Mwalimu, simama uwaambie mlivyofanya. Nitakupeleka na shule nyingine ukaseme."

Makofi. Nilisimama. Wiki nzima nilikuwa na maneno matamu kichwani kuhusu Mzee Redio na moyo wa zamani, na kwa kweli yalinijia mpaka mdomoni. Yangependeza. Nikayameza.

"Bwana Afisa," nikasema, "mimi sikutoa kitu. Nimekaa kitini. Mpango wako umelipiwa, ila aliyelipa hamjamwona." Nikamtazama Jirani. Nilitaka anikubalie kwanza. Akasimama mwenyewe, akaeleza habari ya mama yake, kwa maneno machache, macho yakiwa mezani. Alipofika kwenye baiskeli mwenye bucha alivua kofia.

Afisa si mtu mbaya. Alimuuliza Jirani hali ya mama, halafu akawa afisa tena. Akasema ofisi sasa inataka malezi ya mwaka mzima, si muhula, na njia ni mbili. Tukikubali kuendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka, anaandika kwamba mpango umekamilika na anamthibitisha kijana leo. Tukisimamisha mpaka fedha ya mwalimu wa muda ipatikane, sawa, lakini kijana atahesabiwa hajalelewa, na atasubiri mwaka mwingine. Kila mtu akamgeukia Jirani. Nikaona jinsi walivyomtia kona mtu aliyekwisha kulipa. Akafungua mdomo kukubali, namjua.

"Nitasubiri," akasema Twiga.

Alikuwa amesimama, na akisimama anaonekana.

"Kijana, unajua unachosema?"

"Najua, Bwana Afisa. Kulelewa nahitaji, sikatai. Lakini siwezi kula mchana wa mama wa mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Afisa akaandika, mwenye bucha akavaa kofia, tukatawanyika kwenye manyunyu. Jirani alimshika Twiga mkono. Mimi nimerudi nyumbani nikiimba. Nimepika naimba. Nilidhani moyo wa zamani umekufa na wenyewe, kumbe bado upo, una shingo ndefu na unafundisha hesabu.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimevirudia vipindi vyangu. Mchana nimesimama mlangoni mwa darasa nikamtazama Jirani akitoka getini. Alinipungia mwavuli.

Jumatano, 18 Aprili

Twiga anafundisha chumba cha pili, nasikia sauti yake ukutani. Nimekikumbuka kiti changu cha nyuma kuliko nilivyotarajia.

Ijumaa, 20 Aprili

Shule zimefungwa leo. Watoto walipoondoka nilikwenda kwa mjane wa Mzee Redio kumpelekea habari, nikitembea kifua mbele. Nikamsimulia kikao chote, mpaka maneno ya Twiga, na hayo niliyasema mara mbili. Nilitegemea acheke au alie. Alisikiliza tu, akiuelekeza uso wake upande wa banda la zamani.

"Ni kijana mzuri," akasema. "Na kwao nani anamngoja?"

Muhula mzima nimekaa na kijana huyu. Najua anavyoshika chaki, najua saba yake anaikata mstari katikati, najua akichanganyikiwa anajikuna sikio la kushoto. Kwao nani anamngoja, sikuwahi kumuuliza. Mama akanimiminia chai.

Nilirudi shuleni karibu mbio. Twiga alikuwa darasa la sita anapanga vitabu kwenye kabati. Nikamuuliza palepale, bila hata salamu.

"Mdogo wangu wa kike, mama," akasema. "Anasomea uuguzi. Alisimama mwaka jana, ada ilitushinda. Tulikubaliana nikithibitishwa tu anarudi."

"Umemwambia?"

"Nilimpigia Ijumaa ileile. Nimemwambia tusogeze mwaka mmoja."

"Akasemaje?"

"Alisema sawa." Akageukia vitabu vyake. "Ameshapata kazi ya kufua, kwa sasa."

Ijumaa ile mimi nilikuwa napika naimba.

"Mwanangu, mbona hukusema kikaoni?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema, wala hakuwa na kinyongo.

Gari la afisa lilikuwa bado uwanjani. Alikuwa amekuja kufunga muhula, na kupitia dirishani niliwaona ofisini, yeye na mkuu na mwenye bucha, wanaagana. Nilivuka uwanja kwenye matope na viatu vyangu vizuri. Sikubisha hodi.

"Mwalimu," mkuu akashangaa, "kuna nini tena? Kikao si kiliisha wiki iliyopita?"

Nikamwambia hakijaisha. Kuna mtu mmoja hatujamhesabu.